Silaha Iitwe kwa Jina Lake

Wahenga walisema kuwa mkuki kwa nguruwe ni mtamu, kwa binadamu mchungu. Methali hii hutumiwa kumkanya mtu apendaye kuwatenda wenzake jambo ambalo yeye mwenyewe hawezi kulistahimili. Mimi naiazima leo kwa shughuli nyingine. Nataka kusema habari za mikuki, panga, bunduki na mizinga iliyojaa katika kurasa za magazeti na majarida ya zamani. Neno langu ni hili: mwandishi autupaye mkuki wa maneno ovyo, kwa kuwa ati ni mkuki wa wino tu, hajui ni nani atakayechomwa nao. Na mwandishi auonaye mkuki wa kweli mkononi mwa mtu, kisha akauita kwa jina la kitu kingine, amemsaidia mwenye mkuki kuchoma. Makosa haya ni mawili, lakini mama yao ni mmoja, naye ni uzembe wa kutaja mambo kwa majina yake.

Najua kuwa wako watakaonipinga. Watasema, "Hii ni lugha tu, mwalimu. Mwandishi aliyeandika kuwa mbunge fulani amemrushia mwenziwe kombora hakurusha kitu, wala hapana aliyejeruhiwa. Je, wataka magazeti yaandikwe kwa maneno makavu, kama wali usio mchuzi?" Hoja hii si ya kudharauliwa, nami nitaijibu. Lakini kwanza na tutazame jinsi silaha ilivyoingia katika lugha, maana asiyejua mlango ulioingiza mgeni hajui mlango wa kumtolea.

Lugha yetu haikuanza leo kuchanganya silaha na vyombo vya amani. Mzinga ni gogo lililochimbwa ndani likatundikwa mtini ili nyuki wafanye asali. Tena mzinga ni kile chuma kirefu, chenye uwazi ndani, kinachotema moto kutoka ngomeni na merikebuni. Jina ni moja kwa asali na kwa kifo. Risasi nayo ni jina la madini mazito na laini, ambayo watu waliyayeyusha wakafanya vipande vya kutia katika bunduki. Siku hizi mtu akisikia risasi hafikiri madini, hufikiri mauti. Hivyo ndivyo maneno yaendavyo. Huondoka nyumbani kwao yakiwa na maana moja, yakarudi yakiwa yamevaa nyingine.

Hata jina ambalo Waingereza huliita jarida lina safari ya namna hiyo. Neno lao "magazine" lilitoka katika Kiarabu, katika jina la ghala, na ni ndugu wa neno letu hazina. Wazungu walilitumia kwa ghala ya bidhaa, kisha kwa ghala ya baruti na silaha. Mwaka 1731 mchapaji mmoja wa London, Edward Cave, alianzisha jarida akaliita The Gentleman's Magazine, kwa kuwa alitaka liwe ghala ya habari za kila namna. Tangu hapo jina hilo moja limekaa mahali pawili: hutaja jarida asomalo mtu akiwa amekaa kitini, na hutaja kile chumba cha bunduki kinachotiwa risasi. Ghala ni moja nayo ina milango miwili. Swali lililo mbele yetu ni hili: mwandishi anapoingia ghalani, hutoka na nini?

Siwezi kusema kuwa kila atokaye na silaha ya mfano hutenda ubaya. La, hasha! Ushairi wa Kiswahili ungekuwa nusu ya ulivyo kama washairi wangenyang'anywa ngao na mishale. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alitunga mashairi ya majigambo na changamoto wakati mji wake ulipokuwa ukizozana na Seyyid Said wa Oman. Baadaye, gazeti la Mambo Leo lilipoanza kutoka Dar es Salaam mwezi wa Januari, 1923, liliwapa washairi uwanja, na humo walijibizana kwa fumbo na kwa fasaha. Mshairi aliyeshindwa katika majibizano ya namna hiyo hakuuguza kidonda. Alichukua kalamu akatafuta vina vilivyo bora zaidi. Hayo ni mashindano ya akili, na akili huongezeka kwa kushindanishwa.

Tena tazameni maneno yaliyotumika wakati wa kupata uhuru katika Afrika Mashariki. Viongozi walisema na magazeti yakachapa kuwa tunao maadui watatu, nao ni ujinga, maradhi na umaskini. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliendelea na mfano huo likasema kuwa watu wa Tanzania walikuwa wamechagua silaha isiyofaa katika vita vyao na umaskini, yaani fedha, hali fedha si silaha ya mtu maskini. Huo ni mfano uliofikiriwa. Humfanya msomaji aulize, "Kama fedha si silaha yetu, silaha yetu ni nini?" na kujibiwa kuwa ni watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Mfano huo haukuweza kumwumiza mtu yeyote, na sababu yake ni rahisi. Ujinga hauna mke atakayekuwa mjane. Maradhi hayana watoto watakaoachwa yatima. Umaskini hauna nyumba ya kutiwa moto usiku. Maadam adui si mtu, silaha ya mfano hubaki mfano.

Nanyi vijana mnaopenda kandanda msidhani kuwa nitawanyang'anya raha yenu. Klabu ya Arsenal ilianzishwa mwaka 1886 na wafanyakazi wa kiwanda cha silaha cha serikali huko Woolwich, London. Jina lake maana yake ni ghala ya silaha, na ndiyo sababu wachezaji wake huitwa wapiga mizinga, na mzinga umo katika nembo yao hata leo. Kijana wa Kisumu au Kitui avaaye fulana yenye mzinga kifuani hamtishi mtu. Akisoma gazetini kuwa mshambuliaji amefyatua kombora langoni, ajua kuwa ni mpira, maana wote wanaosoma wajua kuwa baada ya dakika tisini wachezaji watapeana mikono. Uwanja una mistari ya chokaa, mchezo una mwamuzi na filimbi, na neno lina mipaka yake. Ubaya haumo katika mfano wenyewe. Ubaya huanza mahali ambapo mistari ya chokaa imefutika.

Sasa na tuje penye uchungu, tuanze na nchi yetu. Tarehe 20 Oktoba, 1952, serikali ya kikoloni ya Kenya ilitia sahihi tangazo la Hali ya Hatari. Miaka iliyofuata ilikuwa ya damu, na magazeti yalijaa habari zake. Lakini yatazameni majina ambayo wakuu wa jeshi waliyapa matendo yao, na ambayo magazeti yaliyapokea na kuyachapa. Tarehe 24 Aprili, 1954, askari waliuzunguka mji wa Nairobi, wakaingia nyumba kwa nyumba, wakakamata watu kwa maelfu. Zaidi ya 20,000 walitiwa kizuizini. Tendo hilo liliitwa Anvil, yaani Fuawe. Mwezi wa Januari, 1955, majeshi yaliingia misitu ya Nyandarua, na tendo hilo likaitwa Hammer, yaani Nyundo. Likafuatwa na jingine katika misitu ya Mlima Kenya, lililopewa jina la First Flute, maana yake Filimbi ya Kwanza.

Fuawe, Nyundo na Filimbi! Mtu asomaye majina hayo mbali na Kenya, akinywa chai yake asubuhi, angeweza kudhani kuwa anasoma habari za mhunzi mmoja hodari aliyepumzika jioni akapiga muziki. Fuawe ni chombo cha heshima. Bila fuawe hatungekuwa na jembe. Lakini hebu tuuchunguze mfano huo. Kinachowekwa juu ya fuawe ni chuma ili kipigwe. Basi katika mfano huu chuma kilikuwa nani? Kilikuwa fundi cherahani wa Pumwani, mpishi, karani, mchukuzi wa mizigo, na kijana aliyekuja mjini kutafuta kazi. Aliyechagua jina hilo hakutaja bunduki, wala seng'enge, wala malori yaliyowachukua watu. Akawageuza watu kuwa chuma, na chuma hakilii.

Lakini wakati huo huo iko silaha moja ambayo magazeti hayakuificha, nayo ni panga. Neno hilo letu, la chombo cha kufyekea shamba, liliingia katika Kiingereza cha magazeti kama lilivyo, bila kutafsiriwa, likawa picha ya vita vyote. Sisemi kuwa panga halikuua. Huko Lari, usiku wa tarehe 26 Machi, 1953, watu waliuawa kwa moto na panga, wengi wao wakiwa wanawake na watoto, na hapana mwandishi mwenye haki awezaye kulifunika jambo hilo. Wala sisemi kuwa raia wa Kiafrika waliouawa na Mau Mau, ambao serikali iliwahesabu kuwa wapata 1,800, si kitu. Ninalosema ni kuwa picha ilipigwa kwa jicho moja. Ndege za Lincoln za Jeshi la Anga la Uingereza zilidondosha mabomu katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya. Wapiganaji zaidi ya 11,000 waliuawa kwa hesabu ya serikali yenyewe. Watu zaidi ya 1,000 walinyongwa kwa hukumu ya mahakama. Walowezi wa Kizungu waliouawa walikuwa 32. Panga la msituni likajulikana duniani kote. Bomu na kitanzi vikakaa nyuma ya pazia, maana vilikuwa na jina la serikali, jina la operesheni, na jina la sheria.

Huu ndio upofu nisemao. Silaha ya mnyonge hutajwa kwa jina lake, tena kwa kelele. Silaha ya mwenye nguvu hupewa jina la kupanga, la filimbi au la nyundo. Wanafunzi huifahamu tasfida, na hufundishwa kuwa ni adabu ya lugha, kama mtu asemavyo kuwa mzee ameaga dunia badala ya kusema kuwa amekufa. Adabu ni njema. Lakini tasfida inayomfichia mwuaji silaha yake si adabu, ni ushiriki.

Kama hamwamini, someni habari za Hola. Tarehe 3 Machi, 1959, katika kambi ya kizuizini ya Hola karibu na mto Tana, wafungwa walilazimishwa kufanya kazi, na askari wa kambi wakawapiga kwa virungu. Watu 11 walikufa. Taarifa ya kwanza ambayo serikali iliwapa waandishi haikutaja kirungu hata kimoja. Ilisema kuwa watu hao walikufa baada ya kunywa maji ya gari la maji. Maji! Haikuwa mpaka uchunguzi wa mahakama ulipofanywa, na madaktari wakaeleza majeraha yaliyoonekana katika miili, ndipo virungu vikajitokeza katika karatasi. Mwezi wa Julai mwaka ule ule jambo hilo likajadiliwa katika Bunge la Uingereza, na aibu yake ikasikika mbali.

Mwaka 1905, kusini mwa nchi ambayo sasa ni Tanzania, watu waliokuwa wakionewa na Wajerumani waliambiwa kuwa wakipata dawa ya maji, risasi za adui zitageuka maji. Wakainuka kupigana, na risasi hazikugeuka. Vita vya Maji Maji vilikwisha mwaka 1907, na waliokufa kwa risasi na kwa njaa iliyofuata walihesabiwa kwa makumi ya maelfu na zaidi. Walimu wengi huwafundisha wanafunzi kustaajabia imani hiyo. Mimi nastaajabia zaidi jambo la Hola. Kwa maana huko Hola, mwaka 1959, kirungu kiligeuka maji kweli kweli. Hakikugeuka mkononi mwa askari, bali katika taarifa iliyopigwa chapa, na wako wasomi waliosoma shuleni na vyuoni ambao walisadiki. Ni nani basi aliye mshirikina zaidi: mkulima aliyejipaka maji, au msomaji aliyeyanywa?

Ukweli wa mambo haya ulichelewa sana. Mwezi wa Juni, 2013, serikali ya Uingereza ilikiri kuwa Wakenya waliteswa wakati wa Hali ya Hatari, ikaeleza masikitiko yake, na ikakubali kuwalipa wazee 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9. Kati ya kifo cha Hola na neno hilo ilipita miaka 54. Wengi waliostahili kulisikia walikuwa wamekwisha kuzikwa. Hiyo ndiyo gharama ya silaha isiyotajwa.

Mpaka hapa nimesema juu ya silaha ya kweli iliyovikwa nguo ya mfano. Lakini nilisema kuwa makosa ni mawili. La pili ni silaha ya mfano inayovua nguo zake na kuwa silaha ya kweli, na kwa hilo hatuna haja ya kwenda mbali. Twende Rwanda.

Mwaka 1990 lilianzishwa huko gazeti lililoitwa Kangura, na mhariri wake alikuwa Hassan Ngeze. Gazeti hilo liliandika juu ya Watutsi kwa chuki, na liliwapa wapinzani wa serikali na watu wa kabila hilo jina la mende. Mwezi wa Novemba, 1991, toleo lake la 26 lilitoka na jalada lililouliza ni silaha gani itakayotumika ili kuwashinda hao mende wasirudi tena, na kando ya swali hilo pakachorwa panga. Basi nawaomba wale wasemao "ni lugha tu" waje hapa walitazame jalada hilo pamoja nami. Je, panga lile lilikuwa mfano au lilikuwa panga? Mtu angeweza kutetea kuwa ni fumbo la siasa. Mende si mende, basi panga nalo si panga. Lakini katika Rwanda panga lilikuwa nyuma ya mlango wa kila mkulima. Mwezi wa Aprili, 1994, milango ikafunguliwa. Kwa muda wa siku 100 hivi watu wapatao 800,000, na kwa hesabu nyingine zaidi ya hao, waliuawa kwa panga, marungu, bunduki na mabomu ya mkono.

Sidai kuwa gazeti moja liliua watu wote hao. Hapana mwandishi mwenye nguvu hiyo, na watu waliogawa silaha na kutoa amri wana hesabu yao wenyewe. Nadai kuwa gazeti lile liliwazoeza watu. Mkono wa binadamu husita kumkata binadamu. Hausiti kumponda mende. Aliyempa jirani jina la mdudu alikuwa ameondoa kusita huko, na aliyechora panga alikuwa ameonyesha mahali pa kuelekeza mkono. Mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha ilimhukumu Ngeze mwaka 2003. Mwaka 2007 mahakama ya rufani ilifuta sehemu ya makosa yake na kupunguza kifungo kiwe miaka 35, lakini ilishikilia kuwa kwa maandishi aliyoyachapa mwaka 1994 alichochea mauaji ya kimbari.

Wala hakuwa wa kwanza. Julius Streicher wa Ujerumani alianzisha gazeti mwaka 1923 akaliita Der Stürmer, yaani Mshambuliaji. Kwa miaka zaidi ya ishirini aliwachora na kuwaandika Wayahudi kama wadudu na sumu. Vita vilipokwisha, mahakama ya Nuremberg ilimwona na hatia ya makosa dhidi ya ubinadamu, naye akanyongwa tarehe 16 Oktoba, 1946. Hakuhukumiwa kwa kuongoza jeshi, wala kwa kufyatua bunduki. Silaha yake ilikuwa gazeti. Mataifa yaliyokaa katika mahakama ile hayakukubali utetezi wa "ni lugha tu," nami sioni kwa nini sisi tuukubali.

Hapa mpinzani wangu atabadili mahali pa kusimama. Atasema, "Basi wewe wataka serikali iwafunge midomo waandishi." Sitaki hivyo hata kidogo. Serikali iliyoyapiga marufuku magazeti mengi ya Waafrika mwaka 1952, likiwamo Mumenyereri la Henry Muoria, ndiyo hiyo hiyo iliyotoa taarifa ya maji ya Hola. Mwenye kufunga midomo ya wengine hufanya hivyo aghalabu ili uongo wake usikie mwangwi wake peke yake. Sheria ya kumzuia mtu asichochee mauaji ni lazima iwepo, lakini sheria hufika baada ya maiti. Ninachotaka hakihitaji polisi. Nataka mwandishi mwenye haya na msomaji mwenye macho.

Tena atasema kuwa kuondoa moto katika maneno ni kuondoa uhai wake. Sivyo. Neno tulivu laweza kuwa na nguvu kuliko baruti. Baada ya uchaguzi wa Desemba, 2007, Kenya iliingia katika ghasia ambazo, kwa hesabu ya tume ya Jaji Waki, ziliua watu 1,133. Wako waliokatwa kwa panga, wako waliochomwa moto, na wako waliopigwa risasi na polisi. Tarehe 3 Januari, 2008, magazeti makubwa ya nchi hii, ambayo kila siku hushindana kuuza, yalitoka yote na kichwa kimoja cha habari: ombi la kuiokoa nchi yetu tuipendayo. Katika kichwa hicho hamkuwa na kombora, wala vita, wala adui. Naona kuwa maneno hayo machache yalikuwa na nguvu kuliko vichwa elfu vya mizinga na mabomu, kwa sababu kila aliyeyasoma alijua kuwa ni kweli.

Sasa nageukia kwenu, wanafunzi, maana nyinyi ndio waandishi na wasomaji wa kesho, na uzembe huu huanza katika daftari la insha. Mwanafunzi huandika kuwa shule yake iliichinja shule jirani katika mchezo, au kuwa mgombea fulani alimfyeka mpinzani wake, naye hutarajia alama kwa ufundi wa lugha. Na wako walimu wanaompa alama hizo. Ningependa alama zipewe yule aliyeshika kalamu akajiuliza maswali matatu kabla ya kuandika jina la silaha.

La kwanza: je, silaha hii ni ya kweli? Kama ni ya kweli, na itajwe kwa jina lake, na aliyeishika atajwe pamoja nayo. Usiandike kuwa "risasi zilirindima na watu wakapoteza maisha," kana kwamba risasi zilijirusha zenyewe, nao watu walipoteza maisha kama mtu apotezavyo funguo. Andika ni nani aliyefyatua, na ni nani aliyeanguka, ikiwa wajua.

La pili: kama ni silaha ya mfano, je, adui aliye mbele yake ni nani? Ikiwa ni njaa, rushwa, malaria au ujinga, piga bila huruma. Ikiwa ni kabila, dini, au jirani wa mtaa wa pili, weka kalamu chini.

La tatu: je, silaha hiyo ya mfano iko nyumbani mwa msomaji? Mzinga wa Arsenal hauko nyumbani mwa mtu. Panga, rungu, kiberiti na mshale viko. Mfano wa kitu ambacho msomaji aweza kukishika usiku huo huo si mfano wa kuchezewa, hasa wakati nchi ina homa ya uchaguzi na watu wamegawanyika.

Nanyi msomapo, fanyeni vivyo hivyo. Mkikuta operesheni yenye jina zuri, ulizeni ni silaha gani iliyo chini ya jina hilo. Mkikuta mtu ameitwa mdudu au nyoka, jueni kuwa kuna mwingine anayetafutiwa fimbo. Mkikuta watu wamekufa kwa maji, ombeni kuyaona maji yenyewe.

Sisemi kuwa kazi hii ni nyepesi. Neno la vita ni tamu mdomoni na huuza gazeti. Neno la kweli mara nyingi halina utamu huo. Lakini wazee wetu waliotuachia methali ya mkuki na nguruwe walijua kuwa utamu wa silaha hutegemea upande uliosimama. Mwandishi husimama daima upande wa mpini. Basi kila aandikapo, na amkumbuke mtu aliye upande wa ncha.